Mkopeshaji anakuuliza kwa nini umefungua kadi nyingi za mkopo: anachotaka kujua na namna ya kumjibu (uzi kwa walioko Marekani)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani ambao wameanza safari ya kununua nyumba, wamepeleka makaratasi yote, halafu afisa mikopo anawatumia ujumbe: andika barua ya maelezo kuhusu maulizo yanayoonekana kwenye ripoti yako ya mkopo. Maulizo ni zile rekodi zinazobaki kila kampuni inapoangalia ripoti yako kwa sababu umeomba kadi au mkopo.

Kazi yangu ni kuandaa mafaili ya mikopo ya nyumba hapa Columbus, Ohio, na barua hizi zinapita mezani kwangu kila wiki. Za watu wetu nazisoma kwa uchungu. Mtu akiona neno "eleza" anajihisi kama ameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Anaandika kurasa mbili: alifika lini, alivyohangaika na baridi, mama alivyougua nyumbani, alivyokosa mtu wa kumshauri, anaomba radhi na anaahidi hatarudia. Mwingine anajihami, anaandika "nilikuwa naangalia tu, sikufungua chochote", na kadi tatu mpya ziko kwenye pochi yake. Barua zote mbili zinarudi, na tarehe ya kusaini inasogea.

Yule anayekaa na faili lako na kuamua lipite au lirudishwe, ambaye hapa nitamwita mhakiki, ana maswali mawili tu. Je, kuna deni jipya ambalo ripoti bado haijalionyesha? Na je, pesa za kianzio cha nyumba (zile unazotoa mfukoni mwako, down payment) zimetoka kwenye hizo kadi? Ukimjibu hayo mawili kwa tarehe na kwa ushahidi, amemaliza na wewe.

Niwaeleze kwa nini anauliza, kwa sababu ukielewa hapo barua inajiandika yenyewe. Ukiomba kadi leo, benki inaangalia ripoti yako Equifax, Experian au TransUnion, mashirika matatu yanayotunza ripoti hizi, na ulizo linaandikwa papo hapo. Kadi yenyewe, pamoja na deni lake, inaweza kuchukua mwezi au zaidi kabla ya kutokea kwenye ripoti. Katika pengo hilo mtu anaweza kuwa na deni la dola elfu kadhaa ambalo mkopeshaji wa nyumba halioni. Ndiyo maana Fannie Mae, ambayo hununua mikopo mingi ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, inamtaka mkopeshaji athibitishe kwamba mkopaji hakupata mkopo mwingine ambao haumo kwenye ripoti wala kwenye fomu. Freddie Mac, mnunuzi mwingine wa mikopo ya aina hiyo, inaangalia maulizo ya siku 120 zilizopita. Kwa mikopo ya FHA (yenye bima ya serikali ya shirikisho), ambayo wengi wetu tunaanzia huko kwa sababu ukiwa na alama 580 za mkopo, yaani namba inayopima unavyobeba madeni, unaweza kuweka kianzio cha asilimia 3.5, muda unaoangaliwa ni siku 90.

Kwa hiyo ukiulizwa, usidhani umeshukiwa wizi. Faili la mzaliwa wa hapa lenye maulizo mapya linaulizwa vilevile.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kadi zinapouma kuliko watu wanavyodhani. Mhakiki anajumlisha malipo yako yote ya kila mwezi: nyumba mpya, gari, mkopo wa shule, na kima cha chini cha kila kadi, yaani malipo madogo kabisa unayodaiwa kila mwezi. Jumla hiyo anailinganisha na mshahara wako kabla ya kodi. Mfumo wa kompyuta wa Fannie Mae unaweza kukubali hadi asilimia 50, lakini wakopeshaji wengi huanza kusita kabla ya hapo. Kama kadi ina deni na ripoti haionyeshi kima cha chini, kanuni ni kuhesabu asilimia 5 ya deni lote. Deni la $4,000 linakuwa $200 kwa mwezi, hata kama benki yako inakudai $60 tu. Na $200 kwa mwezi, kwa riba ya asilimia 7 na miaka 30, ni uwezo wa kukopa zaidi kidogo ya $30,000 unaoupoteza. Hiyo ni tofauti ya chumba kizima. Taarifa ya kadi yenye kima cha chini kilichoandikwa na benki inaweza kuirudisha hiyo $200 kuwa $60. Karatasi moja tu.

Kuhusu sababu zenyewe, watu huziona aibu bila sababu. Ulikuja bila historia yoyote ya mkopo, benki zikakukatalia, ukaanza na kadi ya amana: unaweka $300 yako, wanakupa kikomo cha $300. Baada ya muda ukaomba ya kawaida. Sababu safi kabisa. Ulikuwa dukani, mhudumu akakwambia ukichukua kadi ya duka unapata punguzo kwenye kapu lako la leo. Sababu safi. Ulikuwa na deni la riba kubwa ukalihamishia kwenye kadi isiyo na riba kwa muda fulani, ukalipa ada ya asilimia 3 hadi 5 ya kuhamisha. Hiyo ni busara, na mhakiki anaijua. Ulitaka bonasi ya maili ili upunguze nauli ya kwenda Dar au Nairobi Desemba. Iandike hivyohivyo. Sentensi moja kwa kila kadi inatosha.

Sababu inayomtia wasiwasi ni moja: kwamba umekuwa ukiishi kwa kadi kwa sababu mshahara hautoshi. Kama ulipitia kipindi hicho, kwa mfano ulipunguziwa saa kazini, kiseme, taja tarehe kilipoanza na kilipoisha, na ambatisha hati za mshahara zinazoonyesha saa zimerudi. Hapo ndipo ruhusa ya kuongeza sentensi mbili tatu.

Huu ni mfano wa barua inayopita. Kwa kazi utaiandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu:

"Tarehe 3 Machi: niliomba kadi ya duka la samani ili kupata punguzo nilipokuwa nanunua kitanda. Kadi ilifunguliwa. Kikomo ni $1,500, deni la sasa ni $0. Taarifa ya kadi imeambatishwa.

Tarehe 19 Machi: niliomba kadi ya benki ili kuhamishia deni la $2,200 kutoka kadi yangu ya zamani na kuepuka riba. Kadi ilifunguliwa. Deni la sasa ni $1,950, kima cha chini ni $35 kwa mwezi. Taarifa za kadi zote mbili zimeambatishwa.

Tarehe 2 Aprili: niliomba kadi ya shirika la ndege. Ombi lilikataliwa. Barua ya kukataliwa imeambatishwa. Hakuna akaunti iliyofunguliwa.

Hakuna sehemu ya kianzio au gharama za kununua nyumba iliyotoka kwenye akaunti hizi. Sina mkopo mwingine niliouomba tofauti na uliotajwa hapa au kwenye fomu ya maombi."

Sahihi, jina, tarehe. Basi. Tarehe zinakiliwe kutoka kwenye ripoti yenyewe, usizikadirie kichwani, kwa sababu mhakiki anaweka barua na ripoti kando kwa kando na kutia alama mstari kwa mstari. Ripoti unaipata bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com.

Kuhusu kusema uongo sitazunguka. Kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi kwenye maombi ya mkopo wa nyumba ni kosa la jinai la shirikisho, sheria ya 18 U.S.C. 1014, na adhabu yake inafika miaka 30 jela na faini ya dola milioni 1. Kwa mtu ambaye bado yuko kwenye karatasi za uhamiaji, kesi ya udanganyifu ina madhara mengine juu ya hayo. Nimewahi kuombwa na ndugu "nimwandikie vizuri" barua ya kuficha kadi. Siandiki, na nawaomba msikubali afisa mikopo yeyote awaandikie kitu ambacho si kweli halafu ninyi mkasaini. Sahihi ni yenu.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Dallas: Dada asante kwa uzi. Mimi wakati wa ofa za Novemba nilichukua kadi nne za maduka karibu kwa mkupuo. Programu ya simu inaonyesha alama zimeshuka. Nataka kununua nyumba mwakani. Nizifunge zote nibaki na moja?

Usizifunge, kaka, angalau si sasa. Ulizo moja kwa kawaida hupunguza chini ya alama 5, linabaki kwenye ripoti miaka 2, na FICO, kampuni inayotengeneza alama za mkopo, huliangalia miezi 12 tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokiona itajirekebisha yenyewe ukikaa kimya mpaka mwakani.

Ukifunga unajiumiza kwenye sehemu nzito zaidi. Kwenye alama za FICO, kulipa kwa wakati ni asilimia 35, na kiasi unachodaiwa ni asilimia 30. Mikopo mipya ni asilimia 10 tu. Sasa chukua mfano: una vikomo vya jumla $8,000 na deni $1,600, unatumia asilimia 20. Ukifunga kadi mbili zisizo na deni zenye vikomo vya $4,000, deni ni lilelile lakini sasa unaonekana unatumia asilimia 40. Hukukopa hata senti, na alama zimeshuka. Lipa deni mpaka liwe dogo, ziache wazi, na usiombe kitu kingine chochote.

Jambo lingine: programu nyingi za bure kwenye simu zinaonyesha VantageScore, aina nyingine ya alama. Mkopeshaji wa nyumba kwa kawaida anatumia matoleo ya zamani ya FICO kutoka mashirika yote matatu na kuchukua alama ya katikati. Usishtuke ukiambiwa namba tofauti na ya simu yako.

Mdau wa Minneapolis: Mimi naona tunapambwa maneno. Jirani yangu mzungu alinunua nyumba na hakuandika barua hata moja. Sisi kila siku barua, barua. Huu ni ubaguzi tu.

Hoja yako siidharau, ndugu yangu, kwa sababu ubaguzi kwenye mikopo ya nyumba nchi hii una historia ndefu iliyoandikwa. Lakini barua ya maulizo yenyewe inatokana na kanuni nilizozitaja juu. Jirani yako pengine hakuwa ameomba kadi yoyote ndani ya siku 120, na wazaliwa wengi wa hapa historia zao ni za miaka 20, hawahitaji kujenga kitu. Sisi tunajenga ndani ya miaka mitatu walichojenga kwa ishirini, na ujenzi huo ndio unaoacha maulizo mengi. Hilo ni kweli, na linaweza kusemwa kwenye barua kwa mstari mmoja: niliingia Marekani mwaka fulani, nimekuwa nikijenga historia ya mkopo.

Haki zako zijue. Sheria ya fursa sawa ya mikopo ya 1974 inakataza kukunyima au kukubana kwa sababu ya rangi, dini, taifa ulilotoka, jinsia au hali ya ndoa. Ukikataliwa, mkopeshaji anatakiwa akujulishe ndani ya siku 30 tangu ombi lako likamilike, na una haki ya kupewa sababu mahsusi. "Hujafikia vigezo vyetu" haitoshi. "Akaunti nyingi zimefunguliwa hivi karibuni" ni sababu, na hiyo unaweza kuifanyia kazi. Ukiona unaulizwa vitu ambavyo havihusiani na deni wala kipato, weka kila kitu kwa maandishi na upeleke malalamiko CFPB (ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha) au HUD (wizara ya nyumba).

Mama wa Louisville: Dada yangu, jambo. Miye ni Mkongomani, tulifika hapa kama wakimbizi. Siko na kadi nyingi, ziko mbili tu. Lakini tuko na likelemba na wamama wenzangu, na mwezi uliopita zamu yangu ilifika, nikaweka $6,000 benki. Sasa wanauliza zile pesa zimetoka kwenye kadi? Nifanye namna gani?

Mama, shikamoo, na asante sana kwa swali hili, maana liko moyoni mwangu. Watanzania kwa upatu wetu na Wakenya kwa chama tunakwama palepale.

Kwanza, kwa nini wameunganisha. Kwa mkopo wa Fannie Mae wa kununua nyumba, amana moja inayozidi nusu ya kipato chako cha mwezi lazima ielezwe ilikotoka kama unaitegemea kwa ununuzi. Mhakiki ameona kadi mbili mpya, halafu ameona $6,000 imeingia kwa mkupuo. Anawaza umetoa pesa kwenye kadi. Pesa taslimu iliyotolewa kwenye kadi ya mkopo hairuhusiwi kuwa kianzio.

Habari njema ni kwamba likelemba inatambulika. Kitabu cha kanuni cha FHA, namba 4000.1, kina sehemu kabisa ya vikundi binafsi vya kuweka akiba, na Fannie Mae nayo inakubali akiba za pamoja za jamii. Wanachotaka ni uthibitisho: daftari la michango, stakabadhi au miamala ya simu na benki inayoonyesha ulichochangia kila mwezi, na maandishi ya mweka hazina wa kikundi. Kama daftari mnaandika kwa Kiswahili, litafsiriwe. Kama bado unadaiwa kuendelea kuchangia, mchango huo utahesabiwa kama deni la kila mwezi, kwa hiyo usishangae.

Na barua yako iwe na mistari miwili mitatu: kikundi kina watu wangapi, kila mmoja anachanga kiasi gani, zamu yako ilikuwa tarehe ngapi. Ambatisha taarifa za kadi zote mbili kuonyesha hakuna pesa iliyotolewa humo. Hapo maswali yote mawili yamejibiwa kwa pamoja. Usikubali mtu akushauri uandike kuwa ni zawadi ya ndugu. Zawadi ina barua yake maalum inayosainiwa kwamba haitarudishwa, na hapo utakuwa umesaini uongo wakati ukweli wako ulikuwa unakubalika.

Wamama wenzako waambie daftari litunzwe vizuri kuanzia leo. Atakayenunua nyumba baada yako atalihitaji.

Mdau wa Houston: Kwangu kuna maulizo saba ya siku moja, majina ya kampuni sijawahi kuyasikia. Sijafungua kadi hizo. Nimeibiwa utambulisho?

Je, siku hiyo ulikuwa unanunua gari? Muuza magari anapokutafutia mkopo hutuma ombi lako kwa wakopeshaji wengi kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaacha ulizo. Kwa magari, nyumba na mikopo ya shule, FICO huyachukulia maulizo ya karibukaribu kama moja: siku 14 kwa matoleo ya zamani, siku 45 kwa mapya. Kadi za mkopo hazina nafuu hiyo, kila ombi linahesabiwa peke yake. Kwenye barua andika: maulizo haya saba yanatokana na ununuzi wa gari moja, mkopo uliofunguliwa ni mmoja, wa kampuni hii, malipo ni haya.

Kama hukununua gari, basi usiyaelezee kana kwamba ni yako. Yapinge kwenye mashirika husika, fungua ripoti kwenye IdentityTheft.gov, na ufunge ripoti zako zote tatu (freeze), ili mtu asifungue akaunti kwa jina lako. Kufunga ni bure kwa sheria tangu 2018. Nakala za hatua hizo ndizo zitakuwa maelezo yako kwa mhakiki.

Mdau wa Seattle: Mkuu, nimeshapitishwa, nasaini wiki ijayo. Duka la samani linanipa miezi 18 bila riba kwa seti nzima ya sebule. Si nimeshapita?

Hujapita mpaka mkopo utolewe, mdogo wangu. Ripoti huangaliwa tena kabla ya kusaini, na wakopeshaji wengi wana mfumo unaowaarifu mara tu ulizo jipya linapotokea kipindi chote cha kusubiri. Seti ya $5,000 kwa kanuni ya asilimia 5 inaweza kuwa $250 kwa mwezi, na kama faili lako lilikuwa limebana, hiyo inatosha kulirudisha kwa mhakiki au kuliangusha kabisa.

Kama bado hujaomba, subiri. Kama ulishaomba, mwandikie afisa mikopo wako leo hiihii, usimngojee aone mwenyewe: tarehe ya ombi, jina la duka, kiasi, kima cha chini cha kila mwezi, na kama oda imesafirishwa au bado unaweza kuifuta. Ukiifuta, omba duka likupe kwa maandishi kwamba akaunti haina deni, kisha umtumie na hiyo.